Namna ya kupima kemikali zinazovuruga homoni mwilini: mwongozo wa kazi ya vijijini, Nyanda za Juu Kusini

Asubuhi ya soko pale Ilula, matenga ya nyanya hupangwa kando ya barabara kuu iendayo Iringa. Ukiokota nyanya moja na kuipitishia kidole, mara nyingi kidole kinatoka na unga mweupe. Wakulima wanauita "dawa ya ukungu". Ukipanda milimani Umalila au Mporoto, Mbeya, msimu wa mvua, unga wa aina hiyohiyo uko kwenye majani ya viazi, na ukisoma pakiti, mara nyingi kiini chake ni mankozebu. Umoja wa Ulaya ulikataa kuiongezea muda mwaka 2020, na madhara yake kwa mfumo wa homoni ni moja ya sababu zilizotajwa. Huku kwetu bado ndiyo kinga ya kwanza dhidi ya bakajani.

Mwongozo huu ni wa anayetaka kujua ni kiasi gani cha unga ule, au cha kemikali za plastiki, kimeingia mwilini mwa watu: mwanafunzi wa afya ya jamii, bwana shamba, mtu wa maabara aliyeambiwa "nendeni mkachukue sampuli". Sitazungumza sana kuhusu mashine. Mashine ina wenyewe, na haiwezi kuokoa mkojo uliochukuliwa saa isiyofaa kwa chombo kisichofaa. Kazi hii huharibikia shambani.

1. Chagua kemikali kwanza, chombo baadaye

Wengi huanza kinyume. Wanajaza friza kwa mkojo wa watu mia mbili, kisha wanaiuliza maabara, "Mtatupimia nini?" Kila kemikali ina mahali pake pa kukaa mwilini na muda wake wa kukaa. Hayo mawili ndiyo yanayoamua kama utachukua mkojo, damu au maziwa ya mama.

Zipo zinazopita mbio. Bisfenoli A, ile inayoandikwa BPA na kupatikana kwenye plastiki ngumu, utando wa ndani wa makopo na karatasi nyingi za risiti, hupungua kwa nusu ndani ya saa kama sita, na kwa siku moja karibu yote imetoka kwa mkojo. Thaleti zinazolainisha plastiki nazo huhesabiwa kwa saa. Klopirifosi, dawa ya kuulia wadudu, huacha mabaki yaitwayo TCPy, ambayo hupungua kwa nusu katika saa kama 27. Pairethroidi za kuulia wadudu huacha 3-PBA, nayo hutoka ndani ya saa chache. Mankozebu huacha ETU, ambayo hukaa kidogo zaidi, siku kadhaa. Hizi zote ni za mkojo.

Zipo zinazohamia kabisa. DDT hugeuka DDE ikajificha kwenye mafuta ya mwili kwa miaka. PFOS, mojawapo ya zile kemikali za florini zisizooza, hushikamana na protini za damu na huchukua miaka kama mitano kupungua kwa nusu. Kwa hizi chukua damu, utenge seramu, yaani yale maji ya damu yanayobaki juu ikishaganda. Kwa DDE hata maziwa ya mama yanafaa, na majibu yake huandikwa kwa kila gramu ya mafuta, kwa sababu ndimo ilimo. Tanzania iliridhia Mkataba wa Stockholm, unaodhibiti kemikali za aina hii, mwaka 2004, lakini kilichoingia mwilini kabla ya hapo hakikusubiri mkataba.

Ukikosea hapa hakuna wa kukuokoa. Kutafuta BPA kwenye damu ni kujitafutia balaa: iliyomo ni chembe ndogo mno, na sindano, mrija na kifuniko vinaweza kuongeza yao kuipita ya mgonjwa. Thaleti nazo usizitafute zenyewe, tafuta mabaki yake. Thaleti iko kwenye mabomba ya maabara, glovu na vumbi, lakini mabaki yale hutengenezwa na ini la mtu.

Kuna jambo moja la kwetu ambalo miongozo ya nje hailisemi. ETU huvuruga tezi ya shingo, na Nyanda za Juu Kusini ni nchi ya rovu tangu zama za babu zetu, kwa sababu udongo wa milimani ni maskini wa madini joto. Chumvi yenye madini joto ilipunguza tatizo kuanzia miaka ya 1990, haikulimaliza kila nyumba. Ukipima ETU na homoni za tezi bila kupima madini joto kwenye mkojo uleule, utakuta uhusiano ambao haupo, au utakosa uliopo. Toa mililita chache kwa ajili hiyo. Kwa kundi la watu wazima, Shirika la Afya Duniani huona hali inatosha ikiwa namba ya katikati iko kati ya mikrogramu 100 na 199 kwa lita.

2. Vibali

Huwezi kuchukua hata tone la mkojo kwa utafiti bila kibali cha maadili. Kibali cha taifa hutoka NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, na Mbeya kuna kituo cha NIMR pamoja na kamati ya maadili ya kanda. Kama sampuli zitavuka mpaka, utahitaji pia mkataba wa kuhamisha sampuli, na huo usiuache wiki ya mwisho. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakuhusu: majina yakae daftari moja lenye kufuli, namba za sampuli daftari jingine. Kisha shuka ngazi kwa ngazi, mkoa, wilaya, kata, mtendaji wa kijiji, mwenyekiti wa kitongoji. Ukiruka mwenyekiti wa kitongoji umejiruka mwenyewe.

3. Mkutano wa kijiji

Nenda na mhudumu wa afya wa palepale, na salamu ziwe za palepale: Kamwene ukiwa kwa Wahehe na Wabena, Mugonile ukiwa Rungwe. Kisha sema kitu kimoja mapema, kabla hakijaulizwa: mkojo huu haupimwi ujauzito, haupimwi VVU, haupimwi bangi. Mara ya kwanza hatukusema. Tukashangaa vikombe vya wasichana vinarudi na maji yenye rangi ya chai. Mama mmoja akanivuta kando akaniambia, "Mwanangu, shuleni wakipimwa mkojo ni mimba. Mlitegemea walete nini?"

Habari za mumiani nazo bado zipo, hasa ukitaja damu. Usizicheke. Onyesha mrija, onyesha kiasi kwa kijiko cha chai, na muache mzee mmoja aangalie wa kwanza akichukuliwa. Kwa watoto, mzazi anasaini na mtoto mwenyewe anaulizwa. Akikataa, amekataa.

4. Vikombe, na kikombe cha maji matupu

Nunua vikombe vya polipropilini, vile vyenye namba 5 ndani ya pembetatu. Epuka polikaboneti, ambayo huwekwa kundi la namba 7, na chochote cha PVC, namba 3. Nunua vyote kwa mkupuo mmoja, kisha peleka vitano maabara vipimwe kabla hujavipeleka kijijini. Ndiyo, vipimwe vikiwa vitupu: vinamiminiwa maji safi ya maabara, vinakaa usiku kucha, maji yanapimwa.

Usigawe vitambaa vyenye manukato vya kujipangusia. Vingi vina parabeni, kemikali ya kuzuia vipodozi visiharibike, na parabeni ni mojawapo ya vitu unavyoweza kuwa unavitafuta. Maji na mikono mikavu vinatosha. Mchukua sampuli asijipake losheni asubuhi hiyo, na asitumie sabuni ya kuua vijidudu yenye triklosani.

Sasa kile ambacho ningekiandika kwa wino mwekundu. Kila siku ya kazi, beba maji ya maabara kwenye chupa ya kioo, si maji ya dukani ya chupa ya plastiki. Kila baada ya watu kumi, fungua kikombe kipya palepale uani, mimina maji hayo, funga, kipe namba kama ya mtu na kiende na wenzake. Maabara isijue ni maji. Na kila mtu wa kumi mgawie mkojo wake sehemu mbili zenye namba mbili tofauti, uone kama maabara itakupa jibu moja.

Tulijifunza kwa gharama. Tulikuwa tumetoka kujaza mafuta Makambako, na mimi ndiye nilikuwa natunza risiti za EFD kwa ajili ya mhasibu. Njia nzima nazihesabu, nazikunja, nazipanga upya. Tulipofika kijijini nikafungua vikombe viwili vya maji matupu kwa mikono hiyohiyo, vidole vikagusa ukingo. Majibu yaliporudi, maji yangu yalikuwa na BPA kuliko nusu ya wakulima. Karatasi ile hupakwa kemikali ya kutoa maandishi kwa joto, na nyingi hutumia BPA au ndugu yake BPS, ambayo haijafungwa mahali, inatoka kwa kuguswa tu. Sampuli zote za siku ile tulizitoa kwenye hesabu ya BPA. Bila vikombe vile viwili tungetangaza kwamba wakulima wa viazi wanakula plastiki.

5. Saa

Kwa kemikali inayopita mbio, mkojo mmoja ni picha moja ya barabara yenye magari. Ukipiga wakati lori linapita, utasema barabara ni ya malori. BPA ya mtu mmoja inaweza kuwa mara kumi zaidi jioni kuliko asubuhi, kwa sababu tu alikula cha kopo mchana. Ndiyo maana watu wachache wenye sampuli nyingi huzidi watu wengi wenye sampuli mojamoja. Chukua angalau tatu kwa kila mtu, siku tofauti, na andika saa kamili ya kila moja, pamoja na saa aliyokwenda haja ndogo kabla ya hapo.

Kwa wapuliziaji, ratiba ifuate bomba. Chukua mkojo wa kwanza kabla msimu haujaanza. Huku mvua huanza karibu Novemba, basi nenda Septemba au Oktoba. Halafu asubuhi ya siku ya kupuliza, kabla hajagusa dawa. Halafu jioni ileile, na mkojo wa kwanza wa asubuhi inayofuata. Kwa ETU ongeza siku ya tatu. Wakati wa ukungu mzito wapo wanaopuliza kila wiki au zaidi, hivyo ule wa "kabla" hauwi msafi kabisa, na ndiyo sababu unahitaji wa Septemba.

Usimchukue mwenye bomba peke yake. Aliyechota maji na kukoroga ndiye hushika unga mkavu. Anayefua lile shati la kazini, mara nyingi kwa mikono kwenye beseni, ni mke au binti. Wote wapewe vikombe.

Bangili za silikoni, ambazo watafiti wa Oregon State University walizionyesha mwaka 2014, hunyonya kemikali za mazingira mtu akizivaa wiki nzima. Zinasaidia kujua kilichomgusa kwa nje. Kilichoingia ndani hazisemi.

6. Dodoso

Liwe fupi na liulize saa 48 zilizopita, si "kwa kawaida". Hakuna anayekumbuka kawaida yake. Amekula nini cha kopo? Chakula cha moto kilifunikwa kwa nailoni? Chai alinywea kikombe gani? Ameshika risiti? Amejipaka nini? Amevuta sigara? Hata moshi wa sigara huongeza ETU kidogo. Nyumbani wamepuliza dawa ya mbu, wanalalia chandarua chenye dawa? Hivyo viwili huleta 3-PBA kwa mtu ambaye hajawahi kushika bomba. Kinyume chake, aliyeshinda akichuma pareto Mufindi usimhesabie 3-PBA kwa sababu hiyo: pareto ya shambani haitoi mabaki hayo, ni ndugu zake wa kiwandani wanaoyatoa.

Kuhusu dawa, usiulize jina. Omba kuona pakiti. Mkulima atakwambia "ile ya njano", na duka la pembejeo lina za njano nne. Piga picha ya lebo upande wenye kiini na asilimia. Kisha mwambie akuonyeshe anavyopima. Baba mmoja wa Umalila aliingia ndani akatoka na kiberiti kitupu. "Tatu kwa bomba," akasema, "mvua ikizidi, nne." Tulipima kiberiti chake kwenye mizani ndogo mara tano, kilichojaa na kilichokatwa kwa kidole, na tukaandika uzito wa kila mara. Kiberiti kile kilitueleza zaidi ya kurasa mbili za maswali.

Angalia pia madumu. Dumu lililobeba dawa likioshwa, likaja kubebea maji ya kunywa au ulanzi, njia ya kuingia mwilini imehama kutoka ngozini kwenda mdomoni.

7. Baridi

Mkojo uingie kwenye boksi lenye barafu mara tu unapopokelewa, na ugandishwe siku hiyohiyo kwa nyuzi 20 chini ya sifuri. Za kukaa miaka zinahitaji 80 chini ya sifuri. Usitie dawa ya kuhifadhi. Gawa kwenye vichupa vidogo vya polipropilini vitatu au vinne, kila kimoja robo tatu tu, maana barafu hutanuka na kupasua. Andika kwa kalamu isiyofutika kabla ya kugandisha. Stika hubanduka kwenye umande. Friza iwe na kipimajoto kinachokumbuka kiwango cha juu kilichofikiwa. Umeme ukikatika usiku na kurudi alfajiri, kila kitu kitaonekana kimeganda vizuri. Kutoka Mbeya hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800: ukitumia barafu kavu, boksi liwe na pa kupumulia, na usilale nalo ndani ya gari lililofungwa madirisha.

8. Maswali kwa maabara

Matatu yanatosha. Je, wanatumia kimeng'enya kufungua BPA iliyofungwa na ini kabla ya kupima? Wasipofanya hivyo wataona sehemu ndogo tu. Kikomo chao cha kugundua ni kiasi gani kwa kila kemikali? Na wanashiriki mtihani wa nje wa ubora, kama G-EQUAS unaoendeshwa kutoka Erlangen, Ujerumani? Maabara nzuri hujibu hayo siku hiyohiyo. Inayokwepa, achana nayo hata kama ni ya bei poa.

9. Hesabu

Aliyekunywa maji mengi ana mkojo mwepesi, na kemikali itaonekana kidogo. Rekebisha. Njia rahisi ya shambani ni rifraktomita ya mkononi inayosoma uzito linganishi wa mkojo. Toa 1 kwenye uzito wa kawaida uliochagua, tuseme 1.020, toa 1 kwenye uzito wa sampuli, gawa cha kwanza kwa cha pili, zidisha na jibu la maabara. Mkojo wa 1.010 unazidishwa mara mbili.

Njia nyingine ni kreatinini, taka ya misuli inayotoka kwa mkojo. Mtu wa kwanza ana mikrogramu 5 kwa lita na kreatinini gramu 0.5, wa pili ana mikrogramu 10 na kreatinini gramu 2. Gawanya: wa kwanza 10, wa pili 5. Aliyeonekana nafuu ndiye aliyezidi. Lakini kreatinini hutegemea misuli, hivyo usilinganishe mtoto na mbeba magunia kwa njia hii. Sampuli yenye kreatinini chini ya gramu 0.3 au juu ya 3 kwa lita irudiwe.

Kwa sampuli zilizo chini ya kikomo cha kugundua, wengi huandika kikomo kilichogawanywa kwa 1.41. Sawa, kama ni chache. Kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, CDC, hakitoi wastani iwapo waliogundulika hawafiki asilimia 60, na huo ni utaratibu wa kuiga. Na wastani uwe wa kijiometri, au tumia namba ya katikati. Mkulima mmoja aliyemwagikiwa bomba anaweza kuupandisha wastani wa kawaida wa kijiji kizima.

Kubadili mkojo kuwa kiasi kilichoingia mwilini kwa BPA ni rahisi, kwa vile karibu yote hutoka. Mtu wa kilo 60, mkojo lita 1.6 kwa siku, BPA mikrogramu 2 kwa lita: 2 mara 1.6, gawa kwa 60, unapata mikrogramu 0.053, yaani nanogramu 53 hivi, kwa kilo kwa siku. Sasa linganisha. Mamlaka ya chakula ya Ulaya, EFSA, mwaka 2015 iliweka kikomo cha nanogramu 4,000. Mtu wetu yuko chini mara 75. Mwaka 2023 EFSA ileile ikashusha hadi 0.2, amekizidi zaidi ya mara 260. Taasisi ya Ujerumani ya kutathmini hatari, BfR, ikapinga na kupendekeza 200, na kwa hiyo yuko salama tena. Mkojo haukubadilika. Ukiandika ripoti, taja kikomo ulichotumia na mwaka wake, vinginevyo neno "salama" halina maana.

10. Kurudi na majibu

Rudi. Amua kabla ya kuanza ni lini, na uwaambie tarehe kwenye mkutano wa kwanza. Kila mtu apate barua yake ikiwa na namba yake na mahali alipo kati ya wenzake wa kundi lile, mkononi mwake, si kupitia kwa mwenyekiti. Usiseme "una sumu" wala "huna tatizo". Kwa nyingi ya kemikali hizi hakuna namba ya kumwambia mtu mmojammoja kwamba ataugua. Unachoweza kusema kwa uhakika ni nani anakutana nazo zaidi na kwa njia gani. Mwenye uvimbe shingoni aandikiwe rufaa siku ileile, bila kusubiri ETU yake inasemaje.

Tulipogawa barua zetu za kwanza, bibi mmoja aliigeuza ya kwake mbele na nyuma, akanirudishia. "Mwanangu, hii namba niandikie kubwa. Mjukuu atanisomea jioni, na taa yetu hafifu." Siku hizi tunachapa kwa herufi za ukubwa wa 18: namba yake juu, ya kundi chini yake, na mistari mitatu mitupu ya kuandikia swali la kumpelekea daktari wa zahanati.